Mwaka Baba Aliporudisha Funguo za Misheni

Mwezi uliopita Mzee Wilondja alifariki hapa Baraka, na kesho yake asubuhi binti yake Riziki alikuja kwenye tanuru yangu, kitenge cheusi kichwani, macho yamevimba, kuagiza mikate ya matanga. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kwa msiba wa mtu kama yule nitaoka mpaka kuni za Baraka ziishe. Mi ninaweza. Nani mwingine anaweza? Kutoka Kazimia mpaka Lusenda, ukikuta mtoto anatafuna mkate wenye mstari mmoja mgongoni, ule ni mkono wangu. Hata wakimbizi wa Burundi kule kambini wanajua mstari ule kabla hawajajua jina la chifu. Tanuru zangu tatu nilizijenga kwa kichwa hiki, bila diploma, bila mradi wa mtu. Lakini Riziki hakuwa amekuja kutafuta mkate wa mstari. Alinivuta kando, kwenye magunia ya unga, akasema kwa sauti ya chini, akiniita yaya kama kaka yake mkubwa: "Yaya Alimasi, mzee aliacha neno. Mukate ya kilio chake iwe ile ya pombe ya ngazi. Ile ya baba yako." Pombe ya ngazi, tembo la mchikichi. Nilikaa juu ya gunia. Nilicheka mpaka wafanyakazi wangu wakatoka kuangalia, na nilipomaliza kucheka nikaona shati limelowa machozi. Nilicheka juu Mzee Wilondja ndiye aliyemfungia baba yangu meza ya Bwana, kwa sababu ya mkate ule ule.

Ulikuwa mwaka ulio katikati ya vita mbili. Vita ya kwanza ilikuwa imepita juu yetu kama ng'ombe kwenye shamba la mihogo, na tulikuwa tumerudi kutoka mafichoni Ubwari tukiwa na sufuria mbili na Biblia moja. Nilikuwa na miaka kumi na sita na bado niko mwaka wa pili wa sekondari, juu shule ilifungwa kila mara bunduki zilipofunguka. Baba alikuwa mpishi wa misheni yetu ya Waprotestanti, miaka ishirini na miwili. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Sokoni, kanisani, hata mama akiwa na hasira, aliitwa Mupishi. Jiko lake nilikuwa ninalijua kuliko nyumba yetu: ukuta uliopakwa chokaa, dirisha lenye wavu wa kuzuia nzi, jiko la chuma jeusi lililoletwa kwa meli kabla sijazaliwa, na juu ya rafu sahani kumi na mbili zenye ukingo wa buluu. Askari wa vita ya kwanza walibeba magodoro, redio, hata milango. Jiko liliwashinda uzito. Sahani hawakuziona, juu baba alikuwa amezizamisha kwenye shimo la kulowekea mihogo, na hakuna askari anayeingiza mkono mle kwa hiari yake, kwa ile harufu.

Wazungu wa misheni hawakurudi. Wageni hawakuja. Lakini baraza la kanisa lilimwambia baba abaki kazini, na Mzee Wilondja, aliyekuwa mzee wa kanisa na msimamizi wa mali ya misheni, akamkabidhi upya funguo zote kwenye pete moja ya chuma. Basi kila asubuhi baba alivaa aproni yake nyeupe, akaenda kwenye lile jiko, hakuwasha moto, akashusha sahani kumi na mbili, akaziosha, akazipangusa, akazirudisha. Kila Ijumaa Mzee Wilondja alikuja na mwavuli wake kuangalia kama zote zipo. Zilikuwepo. Na mi nilisoma juu ya sahani zile, maana watoto wa watumishi wa misheni walisoma bila malipo. Nilikuwa na shati jeupe moja. Nilikuwa wa tatu darasani, na wale wawili walionizidi leo wote wananunua mkate kwangu. Nilijiona tayari niko mwalimu, au karani, mtu wa kalamu mfukoni.

Ijumaa moja nilimpelekea baba viazi vitamu vya saa sita, nikamkuta ametandika meza ya wageni. Kitambaa, uma, kisu, na sahani moja iliyofunikwa na sahani nyingine, kama alivyokuwa akiwafanyia wazungu ili chakula kisipoe. Mzee Wilondja aliingia akakunja mwavuli. Baba akamvutia kiti. "Karibu mezani, Mzee." Yule mzee alikaa akishangaa, nafikiri alidhani ni kuku. Akafunua. Ndani ilikuwa ile pete ya funguo.

"Ni nini hii, Mupishi?"

"Ni chakula ya mwisho, Mzee. Mi niko mupishi. Siko mulinzi ya sahani."

Mzee Wilondja hakukasirika. Alizigeuza zile funguo polepole, akaniangalia mi niliyekuwa mlangoni na viazi vyangu, akauliza jambo moja tu: na mutoto? Baba naye aliniangalia. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kovu la mafuta ya moto shavuni, na siku ile lile kovu lilikuwa jekundu. Akasema, "Mutoto iko na mikono."

Neno lile lilinichoma kuliko kofi. Nyumbani nilikataa kumsalimia kwa siku tisa. Kila asubuhi nilipiga pasi shati langu la shule kwa pasi ya makaa, nikalitundika kwenye msumari, nikakaa chini yake. Mama alinipita akibeba maji, akaniuliza shati ile itanisindikiza wapi. Kengele ya shule tuliisikia vizuri pale kwetu, ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti, na kila ikipigwa nilihesabu nani anaingia, nani anachelewa.

Baba hakuniuliza kama nimekasirika. Alinipa jembe akaniambia twende kuchimba kichuguu. Udongo wa mchwa ndio unavumilia moto, wa kawaida unapasuka. Tulibeba siku nne, tukaukanyaga kwa majani makavu, tukaujenga juu ya matofali ya nyumba iliyovunjwa na bomu, duara, na mdomo mdogo kama wa mzinga wa nyuki. Majirani walikuja kusimama. Mmoja akauliza kama tunajenga kaburi la mbuzi. Baba alicheka pamoja nao na akaendelea kulainisha kwa kiganja. Siku tuliyowasha mara ya kwanza alinifundisha jambo ambalo nimewafundisha watu wote walionifanyia kazi. Hatukuwa na kipimo cha moto kama cha jiko la misheni. Unafagia makaa, unaingiza mkono mpaka kiwiko, unaanza kusali Baba Yetu bila haraka. Ukishindwa kabla ya kufika kwenye mkate wetu wa kila siku, moto umezidi, ngojea. Ukifika Amina mkono ungali ndani, moto umekufa, ongeza kuni. Ukiutoa kwenye kutusamehe makosa yetu, weka mikate haraka. Nywele za mkono wangu wa kuume hazijarudi tangu mwaka ule.

Kabla ya hapo watu wa Baraka walikunywa chai yao na mihogo au mandazi ya bamama wa sokoni. Mkate ulikuwa kitu cha wazungu, kilichoonekana kwa mbali kupitia ule wavu wa dirisha. Basi watu waliununua kwanza kwa udadisi. Waliupasua, wakaingiza pua, wakashangaa matundu ya ndani. Siagi iliyokuwa ikishuka kutoka Bibokoboko, milimani kwa wafugaji, kwenye vibuyu ilikuwa imekatika tangu vita, watu hawakupandiana tena wala kushukiana, kwa hiyo walipaka mawese na chumvi. Wiki ya tatu mikate iliisha kabla ya ile rimu kupigwa. Wiki ya sita wavuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, walituma mtoto kutoka kwenye mitumbwi ili awawekee ya kwao. Na mi, nitasema ukweli, nilianza kuamka kabla ya baba. Shati niliendelea kulipiga pasi, lakini nilikuwa ninalipiga pasi haraka.

Halafu levire ikaisha, ule unga wa kopo unaoinua mkate. Ulikuwa unavuka ziwa kutoka Kigoma, na boti mwezi ule zilileta unga wa ngano na chumvi peke yake. Kopo la mwisho baba alilikwangua kwa kisu. Mikate ya kesho yake ilitoka kama matofali. Wavuvi waliomba ya kufungia nyavu badala ya mawe. Siku ya tatu ya aibu ile alipita mgema wetu, Sungura, mzee mrefu asiyeingia kanisani tangu alipooa mke wa pili, kiunoni vibuyu viwili vya pombe ya ngazi aliyoteremsha asubuhi ile. Alikaa kupumzika kwenye kivuli cha ukuta wetu. Baba, ambaye hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, sheria ya misheni ilikuwa hivyo, aliangalia povu linalopanda na kushuka kwenye mdomo wa kibuyu. Aliangalia kwa muda mrefu sana.

"Sungura, hii kintu inapumua."

"Inapumua juu iko muzima, Mupishi. Ile yenu ya kopo ilikufaka kwa safari."

Jioni ile ile baba alichuja ile nzito nyeupe inayobaki chini ya kibuyu, akaikandia unga, na asubuhi kile kinyunga kilikuwa kimesukuma kitambaa mpaka pembeni ya beseni. Sijaona mkate kama ule tena, na mi nimeona mikate. Ulikuwa na ngozi nyembamba inayolia ukiibonyeza, na ndani mweupe, mtamu kidogo, na uchachu wa mbali unaofanya utafute kipande kingine. Kila siku mi ndiye nilienda kuchukua pombe kwa Sungura, kwenye bidoni, dumu la plastiki, iliyofichwa ndani ya kikapu, juu yake majani ya sombe, kile kisamvu, kama mtu anayetoka shambani. Hakuna aliyeuliza. Mzee Wilondja mwenyewe alikuja, na mwavuli wake, akala kipande amesimama, akafumba macho. Alisema mkate ule umeinuka kama moyo uliosamehewa. Halafu akaagiza mikate minne kwa ajili ya meza ya Bwana ya Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Ni lazima ufahamu kanisa letu lilivyokuwa. Kikombe cha meza ya Bwana kwetu kilikuwa maji ya maua mekundu yaliyochemshwa na sukari, juu wazee hawakutaka hata harufu ya divai ipite mlangoni. Mtu aliyeonekana na chupa alisimamishwa mbele ya wote. Baba aliijua sheria ile kuliko kitabu cha mapishi. Mi nilikuwa ninapanga kuni nyuma ya jiko la mama, na ukuta wa matete hausitiri neno, nikamsikia mama akimwambia aende akamweleze mzee. Baba akasema mzee akiuliza atamwambia. Nani anauliza mukate imetengenezwa na nini, mama akasema. Baba akasema moto umemaliza pombe yote, hakuna kilichobaki.

"Kama moto imemaliza," mama akasema, "mudomo inaogopa nini?"

Jumapili mikate minne ilikwenda, kitambaa cheupe juu yake, na kanisa zima likala.

Nimefikiri mara nyingi juu ya kosa lile. Halikuwa pombe. Baba alikuwa mtu aliyezoea kuhudumia meza za watu wasioingia jikoni, miaka ishirini na miwili, na mpishi wa namna hiyo hasemi kitu mpaka aulizwe. Alidhani ile ni heshima. Mi nimeshakuwa na watu wa kunifanyia kazi wenye heshima ya namna ile, na nimewafukuza.

Jumatatu yake Sungura alifika sokoni, akaonja biashara yake mwenyewe kwanza, halafu akasimama katikati ya bamama wa ndagala akatangaza. Miaka makumi mbili, akasema, banasema pombe ya Sungura itanipeleka motoni. Jana imekaa juu ya meza ya Bwana, mbele ya bazee yote, na hata mutu moja hakutapika. Sungura hakutaka kutudhuru. Alikuwa anajisifu tu, na mi nani nimkataze mtu kujisifu. Lakini kabla ya saa sita bamama wa kanisa walikuwa wanakuja mmoja mmoja nyumbani, bila ugomvi, wanaweka mikate yao mlangoni juu ya jani la mgomba, wanamsalimia mama, wanaondoka. Hilo ndilo lilimuumiza mama, zile salamu. Mi walionipata ni wanafunzi, walipita wakitoka shule wakapanga mstari kwenye ua wetu. "Alimasi, utupe kipande, tulewe kidogo mbele ya hesabu ya kesho." Nilikuwa na jiwe mkononi. Nililishika mpaka likapata joto.

Jumamosi baraza lilimwita baba kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, saa nne asubuhi, na mi nilikaa nje chini ya dirisha, sikujificha. Kulikuwa na benchi sita mle na picha ya ukuta ya safari za Paulo. Wazee watatu walitaka atengwe kabisa. Mzee Wilondja aliwaacha wakaongea mpaka wakachoka, halafu akasema kwa ile sauti yake ya kusoma matangazo. "Mupishi, hakuna mutu hapa anakuchukia. Vunja ile tanuru. Tubu mbele ya kanisa. Funguo ziko mufukoni mwangu, sikumupa mutu. Na mutoto yako atarudia shule mwezi wa tisa, mi mwenyewe nitamushika mukono." Nilisikia funguo zikilia kidogo, nadhani alizitoa. Baba akaomba wampe mpaka Jumatatu.

Usiku ule sikulala kwa furaha. Lazima niseme hivyo, nisidanganye watoto wangu. Miezi mitano nilikuwa nimeomba jambo moja, na sasa lilikuwa limekuja kunitafuta lenyewe.

Jumapili baba alikaa benchi ya mwisho. Mchana tulikula bugali, sombe, ndagala chache, na ile mikate iliyorudishwa, migumu sasa, tunaichovya kwenye mawese ili imezeke. Baada ya chakula nilikwenda nyuma ya nyumba kupasua kuni, na ule ukuta wa matete ukaongea tena. Baba alimwambia mama kwamba kesho atavunja.

"Unavunja juu ya Mungu, ao juu ya Wilondja?" mama akauliza.

"Juu ya Alimasi. Kila asubuhi anapiga pasi ile shati. Mi namuona."

Shoka lilibaki kwenye gogo. Sikuweza kulitoa. Mbele yangu palikuwa na ile tanuru, imepasuka kidogo upande wa kulia mahali nilipoukanyaga udongo vibaya, na nilijua ule ufa kama mtu anavyojua jino lake. Niliona aproni nyeupe. Niliona sahani kumi na mbili zinashuka, zinaoshwa, zinapanda, mpaka mtu anakufa. Na safari hii zingeoshwa kwa jina langu. Mtu akikwambia kwamba hatima yako inaandikwa na wengine, mwambie aje anione. Ya kwangu niliiandika Jumapili ile, nikiwa na shoka, bila kalamu.

Jumatatu jua linachomoza nilipiga pasi shati langu la shule, nikalivaa, nikafunga vifungo mpaka shingoni. Nilikwenda kwa Sungura nikamwambia anijazie kibuyu, siyo bidoni. Kikapu nilikiacha kwetu. Nikarudi kwa njia ya katikati ya soko, kibuyu begani, wazi, povu linanitiririkia kwenye shati jeupe, nikapita mbele ya mlango wa kanisa, nikapita mbele ya shule wakiwa wanapanga mstari. Mmoja wa wale walionidhihaki alifungua mdomo, nikamwahi: "Kuja saa tatu. Itakuwa imeiva." Bamama wa ndagala ndio waliocheka kwanza.

Baba alikuwa amesimama mbele ya tanuru na jembe mkononi. Aliangalia shati, akaangalia kibuyu.

"Nani amekutuma?"

"Mikono," nikamwambia. "Ulisema mi niko na mikono."

Aliliegemeza jembe ukutani. "Siku moja usikuje kuniambia nilikunyima shule." Nikasema sitakuambia. Basi akavua saa yake, akakunja mikono ya shati, tukakanda pamoja beseni moja, yeye upande huu, mi upande ule. Saa nne alikwenda kwa baraza akasema kwamba tanuru itabaki, na kwamba kuanzia siku ile mtu yeyote akinunua ataambiwa ndani kuna nini. Wakamfungia meza ya Bwana. Alirudi akala mkate mzima amesimama. Neno langu la sitakuambia nililivunja mara moja, nikiwa mtu mzima, miaka ya baadaye ukimbizini, siku niliyotoka bureau, ofisi moja ya kambi, ambako walinipa karatasi nne za Kifaransa na sikuelewa hata moja. Baba alininyooshea kipande. Hilo ndilo jambo la maisha yangu ninalolijutia, mengine yote ninayasimamia.

Na mkate uliuzwa? Uliuzwa. Wakatoliki walikuja wakicheka, wakisema padri wao anakunywa divai yake mbele yao kila Jumapili, basi wao mkate watauogopa nini. Wavuvi hawakuuliza kitu cha kanisa. Mi nilianza kupeleka magunia Kazimia kwa boti, na huko nilijifunza kuongea na watu, jambo ambalo shule haifundishi. Baba kila Jumapili ya meza ya Bwana alikaa benchi yake ya mwisho, sinia likampita, akaimba nyimbo zote mpaka mwisho. Hakukosa hata moja. Watu wanasema mi nimejitengeneza mwenyewe, na ukweli ni kwamba mi ndiye niliyewafundisha kusema hivyo. Lakini ugumu wa kukaa pale nyuma na kuimba, ule niliuona kwa mtu.

Vita ya pili ilituingilia mchana, mikate ikiwa ndani. Milio ilikuwa bado mbali, upande wa kaskazini, lakini njia ilikuwa imejaa watu wanaoshuka ziwani na magodoro. Mama alikwishafunga mizigo. Baba alikataa kuondoka mikate haijaiva. Aliingiza mkono mdomoni mwa tanuru, na nilimsikia akisali Baba Yetu bila kuruka neno, watu wanakimbia nyuma yake. Alipomaliza tulitoa mikate, tukaitia kwenye magunia mawili ingali inachoma mgongo, tukashuka. Boti tuliyopata ilikuwa imejaa mpaka maji yanalamba ukingo. Tulipokwisha kaa ndipo nilipoona ule mwavuli. Mzee Wilondja alikuwa mbele yetu, magoti yanagusana na ya baba, na katikati ya miguu yake binti yake mdogo, Riziki, wa miaka kama sita. Hakuwa na mzigo mwingine. Funguo alikuwa nazo, zilining'inia kwenye mshipi.

Mota ilizimika katikati ya ziwa, ikawaka, ikazimika. Jua lilitupiga mpaka jioni. Watoto walilia, halafu wakaacha kulia, na hiyo ni mbaya zaidi. Baba alifungua gunia. Alivunja mkate, akawapa watu kuanzia nyuma, mmoja mmoja, na kila mtu alichukua bila kuuliza. Alipomfikia Mzee Wilondja alisimamisha mkono. Yule mtoto alikuwa amekwishainua wa kwake.

"Mzee," baba akasema, na boti nzima ilisikia, "hii iko na pombe ya ngazi ndani."

Mzee Wilondja aliupokea ule mkate kwa mikono miwili. Aliushika magotini, akainama, akasali, sala ndefu, na hakuna aliyetafuna. Akaupasua. Nusu akampa Riziki. Nusu akala yeye, polepole, mpaka makombo ya kwenye kiganja. Halafu akamwangalia baba.

"Leo sikuuliza, Mupishi. Mbona umesema?"

Baba aliyatazama maji. Mzee akaendelea, bila ukali: "Ungesema hivi siku ya kwanza, ningekukatalia mukate. Lakini meza nisingekufungia." Baba akatikisa kichwa, kwamba ndiyo. Kufika ng'ambo walikuwa wanaongea juu ya bei ya unga Kigoma kama watu wawili wa kawaida. Kwenye kambi ya wakimbizi huko, Jumapili ya kwanza waliposali chini ya turubai, Mzee Wilondja alimsogezea baba sinia kabla ya wote. Baba alikufa kule. Zile funguo Mzee alirudi nazo Baraka, na mlango wa kufungua haukuwepo tena.

Basi Riziki alipokwisha kwenda nilimtafuta mjukuu wa Sungura, anayegema bado, nikabeba kibuyu mwenyewe. Nilikanda mwenyewe. Vijana wangu waliniletea kipimo cha moto, kizuri, cha kioo, nikawaambia wakae kando, nikaingiza mkono. Uwanja wa msiba ulikuwa umejaa, wachungaji mstari wa mbele, mikate kwenye masinia chini ya vitambaa vyeupe. Kabla ya sala nilisimama. Hakuna aliyenipa neno, na mi sijawahi kungojea kupewa. Nikasema: "Bazee, bamama, mukate hii iko na pombe ya ngazi ndani. Ninasema kabla hamujauliza." Mchungaji kijana akamwangalia mwenzake. Wengine walirudisha vipande vyao kwenye sinia, na sikuwachukia. Bibi mmoja karibu yangu, mmoja wa wale walioweka mikate mlangoni mwetu mwaka ule, alirudisha cha kwake kwa heshima, akafumba macho kwa ajili ya sala. Kabla ya Amina mkono wake ulitoka ndani ya kitenge, ukakitafuta kipande chake, ukakipata.